Mkurugenzi Hajapimwa

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu Chaki,

Picha imefika salama, haijakunjika hata pembe. Mwanangu, ile si meli, ule ni mtaa mzima ulioamua kwenda kuogelea. Nilianza kuhesabu madirisha, macho yakaniuma, nikaandika "mengi" nikaacha. Nimeitundika karakanani juu ya mtungi wa gesi, pale ambapo kila mteja anayeleta geti la kuchomelea lazima aione kabla hajafungua mdomo. Siku hizi watu hawaulizi tena geti litakuwa tayari lini. Wanauliza habari za meli, na mimi nawajibu. Geti litangoja.

Aliyeniudhi ni Kinyozi wa mlango wa pili, yule anayenyoa huku anahubiri, na mteja akitikisa kichwa kumkatalia anaondoka na sikio nusu. Alikuja na taulo begani, akaitazama picha kwa muda mrefu kama anayetafuta chawa, kisha akauliza, "Nanga, sehemu gani hasa kajenga huyo mpwa wako?" Nikamwambia yote. Kuanzia kule chini samaki wanakojigonga vichwa mpaka juu kwenye honi. Akasema mtu mmoja hajengi meli. Nikamwambia mtu mmoja wa kwenu, kweli hajengi.

Kisha nikawapa wote waliokuwepo ile hadithi ya kuondoka kwako. Kampuni tatu za ng'ambo zilivyokuwa zikikugombea, simu zinalia ofisini kwa Mkurugenzi wako wa huku, pale wanapojenga meli, kama kengele ya shule, mpaka akakuita, akakupa mkono, akakuruhusu uende huku machozi yanamtoka na leso imelowa chapachapa. Mama yako alikuwa amepita kunijulia hali. Hadithi hiyo ameikariri, lakini tukifika kwenye leso bado anatabasamu kama ndiyo kwanza anaisikia. Dada yangu hacheki ovyo, unamjua, kwa hiyo leso siipunguzi maji hata kidogo.

Nakuomba kitu kimoja tu. Picha ijayo, nyuma yake andika kwa mkono wako, "Hii nimeijenga mimi," kisha utie sahihi. Kinyozi ni mtu wa maandishi, maneno matupu hayamwingii.

Mjomba wako asiye na mfano,
Nanga


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye meza yangu, na sidhani kama nimewahi kukueleza meza hiyo iko wapi. Ni ya mwisho kabisa, kati ya mashine ya kuchapia michoro na mlango wa choo. Kila anayekwenda haja ananisalimia mara mbili. Nimeikalia miaka kumi na moja.

Nyuma ya picha sitaandika, kwa sababu ile meli sikuijenga. Nilichora ngazi zake. Ngazi za chumba cha injini na vishikio vyake, basi. Ni ngazi nzuri, hakuna fundi atakayeteleza kwangu. Katika meli nyingine nilichora mabomba. Katika nyingine nilikaa wiki nzima nikisahihisha hesabu za mwenzangu, kisha yeye ndiye akatia sahihi, maana cheti changu cha huko nyumbani huku hakihesabiwi. Kwenye karatasi zao mimi ni mchoraji msaidizi. Nilinyamaza mkidhani vingine kwa sababu nyinyi mlikuwa mnafurahi, na mimi nilikuwa nimechoka kueleza.

Sasa nimekataa kuendelea hivyo. Kampuni imepata kazi ya meli ndogo ya abiria, na nimeichora yote, kuanzia mkuku kule chini kabisa mpaka mlingoti. Nimewaambia wakubwa kwamba mchoro huu atausaini aliyeuchora. Wakacheka kidogo, wakasema haya, kalete leseni. Nimekwenda Bodi ya Wahandisi. Sheria yao inasema naweza kupewa leseni bila kurudi darasani, mradi nithibitishe kwamba niliwahi kusimamia mwenyewe jaribio la kuinamisha meli, na aseme hivyo mtu aliyekuwa juu ya sitaha siku ile. Fundi mkuu amefariki. Wenzako wa zamu wametawanyika, sijui hata wako miji gani. Mkurugenzi hawezi kuandika jema juu yangu hata kwa mkaa. Umebaki wewe.

Ninachoomba ni ukurasa mmoja. Wewe ni nani, siku ile ulifanya kazi gani, uliona nini. Na namna nilivyoondoka. Mjomba, wewe na mimi tunajua kwamba sikuitwa na mtu. Nilifukuzwa. Neno hilo nimeshaliandika kwenye fomu yao na sioni aibu nalo. Ukiandika kwamba niliitwa, kauli zetu zitapingana, na mambo yatakuwa yameishia hapo. Anwani ya Bodi ni hiyo hapo chini, lakini nitumie mimi kwanza niisome.

Msalimie mama. Hili la kufukuzwa nitamwambia mwenyewe nikipata maneno.

Mpwa wako,
Chaki


Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu Chaki,

Kazi imekwisha, pumzika. Barua yako ilikuwa na anwani mbili, yako na ya Bodi, nikajiuliza, maji ya nini yazunguke mtaa mzima na bomba liko mlangoni? Nimewapelekea wao moja kwa moja. Karatasi sita, mbele na nyuma. Huo ukurasa mmoja ulioutaka umetosha salamu tu.

Habari za ngazi nimezisoma mara moja nikazikunja. Anayechora ngazi ndiye anayejua watu watapita wapi, na anayejua watu watapita wapi ndiye mwenye nyumba. Picha haishuki ukutani.

Sasa sikiliza nilivyokujenga. Nimewaambia umeunda meli kumi na saba na nyingine moja ya kwenda chini ya maji, ambayo sikuieleza sana kwa kuwa ni siri ya nchi. Siku ya jaribio nimeweka dhoruba. Najua hapakuwa na dhoruba, lakini meli iliyojaribiwa kwenye maji yaliyotulia kama uji uliopoa itamshtua nani? Mnyororo ukakatika, nikaudaka kwa meno, na wewe ukaendelea kuandika hesabu zako bila kuinua kichwa. Hapo nimekusifu wewe kuliko mimi, na unajua kwangu hilo si jambo dogo. Cheo changu nimeandika Msaidizi Mkuu wa Msanifu. Mwisho nikaona barua bila muhuri ni kama jogoo bila upanga kichwani, nikaazima muhuri wa timu yetu ya mpira, maana mtaani kwetu ndio pekee wenye duara kamili.

Lile neno lako sikuliandika, na sitaliandika. Wewe uko mbali, unaweza kulitamka ukafunga dirisha. Mimi nitabaki nalo huku. Likitoka kwangu litafika kwa mama yako kabla wino haujakauka, kisha kwa Kinyozi, na likishafika kwa Kinyozi limeshatangazwa redioni. Walikusema sana ulipokuwa unapanda juu ya vyuma na ovaroli, mtoto wa kike, rula mfukoni. Ulipoondoka walikaa tayari kusema zaidi. Sikukulinda kwa bunduki. Nimekulinda kwa mdomo huu huu unaoukataza leo. Uliitwa, Chaki. Hata wewe mwenyewe usinibishie.

Mjomba wako, Msaidizi Mkuu,
Nanga


Tarehe 18 Aprili

Shikamoo Mjomba. Hiyo ni salamu tu, usiisome kama msamaha.

Bodi wameniita. Barua yako ilikuwa mezani, imetafsiriwa yote, na karani aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye meno, mmoja wao alitoka nje kunywa maji. Hawakukukasirikia wewe, Mjomba. Wamesema wewe hupo. Mtu wa namna hii hayupo, wamesema, ametungwa na mwombaji ili apate leseni kwa njia ya mkato, na huo muhuri wenye mpira katikati unaonyesha kwamba mtungaji hata hakujisumbua. Kosa hilo wanalo kwenye vitabu vyao: kuleta shahidi wa uongo. Shauri litasikilizwa tarehe 30 Juni. Nikishindwa, leseni sitaiona maisha yangu yote. Kampuni wameshaniondoa kwenye ile meli ndogo wakingoja. Jana nimemkuta mwenzangu ameitandaza michoro yangu kwenye meza yake, anatafuta pembe ya kuweka jina lake.

Wamenishauri niombe radhi, niondoe maombi, nirudi kwenye ngazi na mabomba. Nimekataa. Jaribio lile nililisimamia mimi, kila hesabu, na siombi radhi kwa kazi niliyoifanya sawasawa.

Imebaki njia moja. Shahidi aape mbele ya wakili, aandike ukurasa mmoja, ausome kwa sauti hapohapo, na awepo ndugu wa damu wa kumtambua kwamba ni yeye. Ndugu wa damu uliyebaki naye ni mama. Kwa hiyo sikuombi. Ukisema kweli itabidi useme pia wewe mwenyewe ulikuwa nani juu ya ile sitaha, na hilo tangu siku ile hujawahi kulisema, si kwa mzima wala kwa mlevi. Huwezi. Nitakwenda mikono mitupu.

Chaki


Tarehe 6 Mei

Chaki,

Nani hayupo?

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, kiti kikavunjika. Mtu asiyekuwepo havunji kiti. Waambie hao wakubwa wa Bodi kwamba nimeishi hapa miaka hamsini na miwili, nimegombana na kila nyumba ya mtaa huu, na wote niliogombana nao wako tayari kuapa kwamba nipo. Kinyozi mwenyewe nilipomsomea kipande hicho aliacha kichwa cha mteja katikati, upande mmoja mwitu, upande mmoja jangwa. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alisema nimeonewa. "Huyu ni mwongo," akawaambia waliokuwepo, "lakini yupo. Tena yupo kupita kiasi." Nimelipokea kama sifa.

Na nani hawezi? Mtoto niliyembeba mgongoni akanilowesha shati la harusi ya watu, leo ananiambia mimi siwezi ukurasa mmoja. Sawa.

Jana nimekwenda kwa wakili. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la viatu, kuna feni inayozunguka kama inalazimishwa na kabati lisilokubali kufungwa. Nikakaa, nikaanza vizuri. Nikamwambia asubuhi ile anga lilikuwa jeusi tii. Akaweka kalamu chini, akauliza kama kweli lilikuwa jeusi. Nikamwambia lilikuwa la kawaida. Akasema basi sema la kawaida, au anga uliache kabisa. Tukaenda hivyo, kila nikitia chumvi anaweka kalamu chini, mpaka nikajiona kama mtu anayevuliwa nguo moja moja mchana kweupe. Nikainuka nikaondoka. Karakanani nilikuta geti la mtu limenilalia mlangoni, nikalichomelea lote bila kusema neno, mwenyewe alipokuja kulichukua akaniuliza kama nimefiwa.

Kesho narudi, na ninakwenda na mama yako. Njiani simwambii kitu. Atalisikia hukohuko, mara moja, kama dawa ya sindano. Usidhani nafanya hivi kwa ajili yako. Nawafanyia hao wanaosema sipo.

Nanga


Tarehe 7 Mei

KWA BODI YA WAHANDISI

Mimi ninayeitwa Nanga, mchomeleaji wa mageti, zamani mfunga kamba kwenye chelezo, yaani pale meli zinapojengwa na kushushwa majini, naapa kwamba haya ni kweli.

Mpwa wangu hakuitwa ng'ambo na mtu. Alifukuzwa kazi.

Siku ya jaribio sikuwa msaidizi wa mtu. Kazi yangu ilikuwa kuwa mzigo. Meli mpya, ili ijulikane kama itasimama wima au itayumba kama mlevi, huhamishiwa uzito upande mmoja kisha upande wa pili, na msanifu anapima imeinama kiasi gani. Vyuma vya kazi hiyo havikuletwa. Mpwa wangu akasema tutatumia watu. Alitupandisha kwenye mizani ya ghala mmoja mmoja, akatuandika kilo zetu kifuani kwa chaki, akamchorea kila mtu duara lake kwenye sitaha. Mimi nilikuwa mzito kuliko wote. Jina la Nanga nililipata hapo. Sijawahi kuinua nanga.

Yeye alikuwa chini, kwenye timazi, kamba yenye chuma inayoonyesha mwinamo, aliyoitumbukiza ndani ya ndoo ya oili chafu ili isichezecheze. Filimbi ikilia tunavuka upande wa pili, kila mtu kwenye duara lake, na tukishasimama hakuna kusogea, hata kujikuna.

Tulipokuwa tumesimama upande wa pili Mkurugenzi akapanda. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akija unampisha na unamwamkia. Wengi wakatoka kwenye maduara, wakampisha, wakamwamkia. Timazi ikahama. Mpwa wangu akaja juu na oili mpaka viwikoni. Akasema, "Shikamoo mzee. Naomba ushuke. Wewe hujapimwa."

Mkurugenzi akacheka, akasema meli hii ni yake. Mpwa wangu akamwambia, "Itakuwa yako nikishajua itasimama. Leo bado ni yangu."

Mkurugenzi akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mwili na ndiye mjomba, akaniamuru nimshushe mtoto huyu. Sikusogea. Msiandike kwamba nilikuwa jasiri. Sikusogea kwa sababu filimbi haikuwa imelia. Wenzangu wakarudi mmoja mmoja kwenye maduara yao, wakasimama wakitazama mbele. Mkurugenzi akabaki katikati ya sitaha, yeye peke yake hana duara.

Kesho yake asubuhi mpwa wangu alifukuzwa getini. Meli ile inavusha abiria mpaka leo.

Ningeendelea, lakini wakili amesema ukurasa mmoja, na umeisha.


Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Mjomba wako aliniambia nivae vizuri tunakwenda kwa wakili, nikadhani ni mambo ya kiwanja. Nikakaa kwenye benchi. Aliposoma kwamba ulifukuzwa, nikamwambia wakili amsimamishe, kaka yangu amekosea kusoma. Mjomba wako hakunitazama. Akaendelea mpaka mwisho. Sijawahi kumsikia akisema kitu kifupi namna ile.

Sikuandikii kukubembeleza. Nimewakasirikia wewe na yeye. Miaka yote hii nikikutana na Mkurugenzi sokoni nasimama, naweka kapu chini, namshukuru kwa kumwachia mwanangu kwa roho safi. Alipougua nilimpelekea mayai. Naye anapokea. Ananiambia, "Binti yako alikuwa hodari, mama," kisha anapokea tena.

Juzi nimekwenda kwake. Siku hizi anashinda barazani na blanketi miguuni. Nikaletewa kiti, nikakikataa. Nikamwambia, "Mzee, zile shukrani zangu zote nimekuja kuzichukua." Akauliza shukrani zipi. Nikamwambia azitafute, mwenyewe anajua alikoziweka. Nikaenda zangu nyumbani.

Kwa hao watu wako usiinamishe kichwa. Na ukifukuzwa tena niandikie mimi kwanza, si mjomba wako.

Mama yako


Tarehe 24 Mei

Mpwa wangu Chaki,

Mama yako nasikia ameshakuandikia. Mimi hajaniambia neno tangu siku ile, ila jana ameniletea sahani ya chakula, akaiweka juu ya geti la mtu, akageuka. Nadhani tunaelekea pazuri.

Nilikwambia kuhusu ofisi ya wakili kuwa juu ya duka la viatu. Ambacho sikukifikiria ni kwamba sakafu ni ya mbao, na sauti yangu hata nikinong'ona hutikisa rafu. Waliokuwa wanajaribu viatu walisikia kila kitu. Nilipofika mtaani habari ilikuwa imeshanitangulia, imeoga na kubadili nguo. Watoto wananiita Mzigo. Mteja mmoja kaniuliza kama geti lake nitalichomelea au nitalikalia.

Kinyozi akaja na taulo lake. Nikajiandaa. Akauliza kwa upole, na upole wake ndio mbaya, "Kwa hiyo ulikuwa mzigo?" Nikamwambia nilikuwa mzigo, tena mzito kuliko wote, nimeandikwa kwa chaki na msanifu mwenyewe. "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?" nikamwuliza. Akafikiri. Alikuwa hapohapo kwenye kiti chake, ananyoa. Hakuna aliyemchorea duara maishani mwake. Akarudi kwake, na kwa mara ya kwanza akamnyoa mtu kimya.

Picha bado iko ukutani. Chini yake nimeandika kwa rangi ya mageti, herufi kubwa: NGAZI ZA NDANI NI ZETU. Wanaocheka wacheke, ukuta ni wangu.

Wakili ameniambia kiapo changu ndicho bora kuliko vyote vilivyowahi kuapwa pale. Hakusema hivyo hasa, lakini nilipomaliza kusoma aliinuka akajaribu kufunga kabati, likafungika. Sasa wewe nenda. Wakikupa, wamekupa haki yako. Wakikunyima, usirudi kukaa karibu na hicho choo. Inuka uwatolee kiti chao nje, uwaachie.

Mjomba wako, ambaye yupo,
Nanga


Tarehe 1 Julai

Shikamoo Mjomba. Msomee na mama, na umsomee kama ilivyoandikwa.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokitunga kichwani. Meza ndefu, jagi la maji, watu watatu na karani wao. Katikati mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Kulia kwake mwanasheria. Kushoto mzee mmoja mnene, vidole vyake viwili havina ncha, nikajua huyu amewahi kuunda meli kwa mikono. Barua zako mbili zilikuwa zimewekwa bega kwa bega.

Mwanasheria akauliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia ya pili. Akauliza kwa nini wamwamini wa pili wakati ni yuleyule wa kwanza. Nikamwambia mtu akitaka kujitungia shahidi humtunga mkubwa, hamtungi akamwita mzigo. Mwenyekiti akaandika kitu.

Wakanong'onezana. Kisha wakanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa, kalamu juu yake. Ilisema kwamba aliyeandika barua ya kwanza ni mtu asiye na akili timamu, na kwamba mimi ninajitenga naye. Nikitia sahihi, barua ile itatolewa kwenye faili na shauri litaendelea kwa ile ya kiapo. Mjomba, ule upande wa pili wa kalamu ndiko kulikokuwa na leseni yangu, na meli yangu, na meza ya mbali na choo. Nikaisukuma kalamu ikarudi kwao. Nikawaambia barua ya kwanza ni ya uongo, nimeshasema ni ya uongo, iacheni kwenye faili kila mtu aione. Lakini aliyeiandika ana akili zake zote na za ziada, ni mjomba wangu, na simkani. Mwanasheria akasema basi hawawezi kuendelea. Nikasema basi tusiendelee, nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Yule mzee mnene alikuwa ameshika kiapo chako, akakisoma mpaka chini, akakigeuza nyuma kutafuta kama kinaendelea, hakukuta kitu. Akanionyesha kiti kwa mkono. Akasema habari za mjomba hazimhusu, kila mtu ana wake. Yeye anajua kwamba akiwepo juu ya sitaha mtu mmoja ambaye hajapimwa, hesabu zote ni bure, hata zingeandikwa na malaika. Anataka kusikia jambo moja tu.

"Huyo mkurugenzi," akasema, "alishuka?"

Nikamwambia, "Alishuka. Nilingoja mpaka miguu yote miwili ikawa nchi kavu, ndipo nikapuliza filimbi tukaanza upya."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, mzee akamgeukia karani. "Andika jaribio ni halali," akasema, "na leseni apewe leo."

Mpwa wako,
Chaki
Msanifu wa Meli